Suruali Iliyokaliwa Kwanza

Katika chumba cha ushonaji cha Bi Pindo kipo kiti cha magurudumu kinachokaa kati ya cherehani na meza ya kukatia. Ngozi yake imechubuka, na kwenye mkono wa kulia umefungwa ukanda wa kitambaa wenye upana wa vidole vinne. Mteja mgeni hudhani ni kiti cha mgonjwa wa nyumbani. Anayekikalia ni Bi Pindo mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye miguu mizima, naye hukikalia akiwa amevaa suruali ya mteja. Hakuna suruali inayotoka chumbani humo kwenda kwa mtu anayeshinda kitini kabla fundi hajaikalia saa sita. Asili ya desturi hiyo huisimulia mwenyewe, bila kuipunguza.

Jina la Bi Pindo alipewa na mdogo wake wa pekee, kwa sababu tangu ujana hakuweza kuzungumza na mtu bila macho kushuka kwenye pindo la nguo yake. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na minne, mdogo wake miwili. Yeye ndiye aliyemwogesha, akamfunga nepi, akamshonea kaptula ya kwanza ya shule kwa cherehani ya kuazima. Mtoto huyo alikua akawa fundi wa nyaya za umeme, hodari wa kupanda, wenzake wakamwita Nguzo. Alipokuwa na miaka thelathini na minane alianguka kutoka juu akavunjika uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi tena kitu. Jina alikataa kuliacha. Wenzake walipomtembelea hospitalini aliwaambia kwamba nguzo imelala tu, haijakatwa.

Alipopata nafuu na kurudi nyumbani, wenzake hao walimwalika ashinde nao karakanani siku nzima. Bi Pindo aliamua kwamba mdogo wake ataingia pale akiwa amevaa suruali ambayo hakuna duka lingeweza kuiuza. Kwa mwalimu aliyemfundisha ushonaji, suruali ya mwanamume ilihukumiwa kwa nyuma: mshono wa katikati upigwe mara mbili, na mifuko iwe miwili, yenye vifuniko na vifungo. Bi Pindo akaongeza kiraka cha ndani, kwa hoja kwamba mtu anayekaa kutwa atachakaza sehemu ya kukalia kabla ya nyingine. Kila alichokifanya kilikuwa sahihi kwa mtu anayesimama. Kuhusu rangi ya suruali hiyo maelezo yanatofautiana: yeye anakumbuka kijivu, Nguzo anashikilia ilikuwa kahawia. Kuhusu vifungo hawatofautiani. Vilikuwa vyeusi, vya matundu manne.

Nguzo alikaa juu ya vifungo hivyo tangu asubuhi hadi jioni, akicheka na wenzake, mwili usimwambie neno. Mkewe alipomvua alikuta kwenye kalio la kulia alama ya mviringo iliyodidimia, na ndani yake vitundu vinne vinahesabika. Alipaka mafuta, akidhani itaondoka kama inavyoondoka alama ya mkeka shavuni. Wiki iliyofuata ikawa kidonda, na kidonda kikashuka hadi mfupani. Nguzo alilazwa miezi saba, kifudifudi.

Muuguzi aliyekuwa akikisafisha aliuliza suruali ile ilishonwa na nani. Bi Pindo alikuwa amesimama pale, chupa ya chai mkononi, akajibu kwamba ni yeye. Hakuna aliyemlaumu, na hilo, anasema, lilimkaa moyoni kuliko ambavyo lawama ingemkaa. Alirudi nyumbani akamwaga vifungo vyake vyote vyeusi jalalani, wala hakukata tena suruali ya mtu mzima. Kwa miaka mitatu alishona mapazia, foronya na sare za watoto wa shule.

Nguzo naye, kidonda kilipofunga, aliishi ndani ya bukta pana na shuka la kufunika miguu. Shuka lilimfaa nyumbani. Nje halikumfaa. Mara mbili aliitwa kuhojiwa kazi, mara mbili akaenda na shuka, na mara zote mbili waliomhoji waliishia kuzungumza na mkewe. Mmoja wao alimuuliza mama huyo kama mgonjwa amekwisha kula. Kisha ikaja barua ya tatu. Chuo cha ufundi kilimtaka afike mbele ya jopo baada ya wiki tatu, kwa nafasi ya mwalimu wa umeme. Nguzo alimwambia mkewe kwamba akienda na shuka tena, hatakwenda mara ya nne.

Wakazunguka madukani. Suruali za dukani, akishakaa, zilishuka nyuma zikaacha kiuno wazi, mbele zikajirundika tumboni, na chini zikapanda hadi nusu ya muundi. Wakaenda kwa fundi wa suti mwenye sifa mjini. Huyo alimlaza Nguzo juu ya benchi ndipo akampima, miguu imenyooshwa, mikono ubavuni. Nguzo alitoka pale akisema yule bwana amempimia sanda.

Ndipo akaenda kwa dada yake. Bi Pindo alimsikiliza hadi mwisho huku akiendelea kupinda pazia, kisha akasema mikono yake ilikwisha kumlaza kifudifudi mara moja, na mara moja inatosha.

"Kwa hiyo nivae pazia?" Nguzo aliuliza. "Hilo lina maua, dada. Jopo litafurahi."

"Usinichekeshe. Mafundi wamejaa mji mzima."

"Fundi mwingine ataanza kukosea upya, tena juu yangu mimi. Wewe ulishakosea. Unajua kosa linakaa wapi."

Wifi yake, mke wa Nguzo, aliyekuwa ameegemea mlango, anakumbuka kwamba Bi Pindo alikata uzi kwa meno, jambo ambalo kila siku huwagombeza wanafunzi wake kwalo, halafu akauliza kiti cha zamani cha Nguzo kimewekwa wapi.

Alimpima akiwa amekaa katika kiti chake mwenyewe, kwa maana kiti kingine kingempa mwili mwingine. Nyuma alipandisha kiuno kwa kiganja kizima, mbele alikipunguza. Miguu aliirefusha ili pindo liguse kiatu mtu akiwa amekaa. Ubavuni alificha zipu ndefu ndani ya mshono, Nguzo aweze kujivalisha akiwa amelala bila kumwita mkewe. Koti la kuvaliwa nayo alilikata fupi nyuma lisikaliwe, na kwapani akaongeza kipande cha kitambaa ili mikono isukume magurudumu bila kola kupanda shingoni. Nguzo hakutaka nguo ya kuonewa huruma. Alitaka bluu ya wino, mkunjo wa pasi uliosimama kama wembe, na mifuko ya nyuma. Hilo la mwisho liliwagombanisha siku mbili. Bi Pindo alimuuliza nani atauona mgongo wa mtu aliyeegemea kiti. Nguzo akasema yeye mwenyewe atajua kwamba haipo. Walimaliza kwa mfuko mmoja mwembamba juu ya paja la kulia, ambamo bisibisi yake ya kupimia umeme iliweza kulala.

Lililobaki ndilo lililomwogopesha. Mdogo wake asingeweza kumwambia panapobana. Akaona njia ni moja: amhisie. Aliivaa suruali mwenyewe, kiunoni akaishikiza kwa pini, akakaa kwenye kile kiti cha zamani na mapazia yake mapajani. Kabla ya adhuhuri akagundua jambo ambalo miaka thelathini ya ushonaji haikumfundisha: mwili unaohisi haukai. Kila baada ya dakika chache ulikuwa umesogea bila ruhusa yake. Alichukua ukanda wa kitambaa akayafunga mapaja yake kwenye kiti, akaanza kuhesabu saa upya.

Jioni wifi yake alimsomea ngozi nyuma ya pazia. Mshono wa katikati ulikuwa umechora mstari. Bi Pindo akafumua sehemu yote ya nyuma, akaikata upya kwa kipande kimoja kisicho na mshono mahali pa kukalia. Siku ya pili kilionekana kinundu kama punje ya mtama. Kilikuwa fundo la uzi. Akafumua tena. Siku ya tatu wifi alipitisha kiganja mara mbili, hakukuta kitu.

"Wifi, pako laini," alimwambia. "Sasa fungua huo ukanda, utembee kidogo, maana wagonjwa wawili mimi siwawezi."

Siku ya jopo Nguzo alijivalisha mwenyewe. Yaliyotokea ndani ya chumba kile tunayo kwa kinywa chake tu. Watu watano walimhoji kwa karibu saa mbili, baada ya kumkalisha ukumbini nusu siku. Mkewe alibaki nje na hakuna aliyetoka kumuuliza lolote. Mmoja wa wajumbe alitaka kujua mtu asiyepanda atafundishaje kupanda. Nguzo alimjibu kwamba walimu wengine huanzia chini wakaishia juu. Yeye ataanza kwa kuwaeleza vijana namna mtu anavyofika chini. Wakacheka, anasema, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kuandika.

Bi Pindo alikuwa sebuleni kwao tangu mchana. Hakuuliza habari za jopo. Alimwangalia Nguzo akipita kuingia chumbani, saa saba juu ya suruali ileile, akabaki amesimama. Mle ndani alisikia zipu ikishuka. Alifikiria vile vitundu vinne.

Sauti ya Nguzo ndiyo iliyotoka kwanza. "Mwambie aingie. Huyu amenifunga nepi, leo ataona haya gani?"

Alimkuta amelala kifudifudi, shuka limemfunika kila mahali isipokuwa palipohusika. Kovu la zamani lilikuwepo, limeng'aa. Bi Pindo aliosha mikono, akaikausha, akaweka mgongo wa kiganja kama muuguzi alivyowafundisha miaka mitatu nyuma, kwa kuwa ngozi nyeusi huficha wekundu lakini haifichi joto. Alisogeza kiganja kidogo kidogo, kulia, katikati, kushoto.

"Pa baridi," alisema. Akarudia tangu mwanzo. "Pa baridi."

"Umemaliza kunipima, dada?" Nguzo aliuliza, uso ukiwa kwenye mto wa kitanda.

"Bado. Alama nyingine husubiri usiku. Nitakuja asubuhi."

Barua ya kazi ilifika baada ya wiki mbili, na wifi mtu anakiri kwamba hakulia siku hiyo, kwa kuwa alikwisha kulia siku ya suruali. Ile asubuhi iliyofuata jopo anaikumbuka zaidi. Alifungua mlango kabla chai haijachemka, akamkuta Bi Pindo kizingitini, hajabisha hodi, viganja vyake vimeoshwa na amevishika juu, visiguse kitu.