Kioo Hakikunionyesha Mgongo

Nakumbuka siku niliyoanza kukitilia shaka kioo, mwanangu, na mpaka leo sijakiamini.

Nilikuwa kijana, nikinyanyua vyuma Mikumi katika chumba kimoja cha mtaani. Vyuma vyenyewe vilikuwa makopo ya saruji yaliyochomekwa bomba, na ukutani kioo kirefu. Nilianza kwa kupenda mazoezi. Baada ya mwezi kazi yangu ikawa kujitazama, na kadiri nilivyojitazama ndivyo nilivyojiona mwembamba. Wenzangu wakicheka pembeni, nilijua wananicheka mimi. Kumbe hata habari nami hawakuwa nayo. Kikulacho ki nguoni mwako. Macho yangu mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yananila. Basi nikatunisha kifua na mikono tu. Mgongo na miguu, nani ataviona?

Wakati huo nilikuwa nimemposa mama yako, kwao Kilangali. Ukweni kwangu mposaji alitolewa jasho kwanza, nami nikaitwa kuvuna mpunga. Nilikwenda na fulana ya kubana, mjinga mimi. Gunia la kwanza halikufika hata nusu ya njia. Kiuno kilikataa, magoti yakafuata, nikakaa chini mbele ya wakwe wote, na mama yako akiwapo.

Mjomba wa mama yako, mzee mwembamba ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, alilibeba lile gunia akalifikisha. Nikamfuata nikichechemea.

"Shikamoo mjomba. Nisamehe."

"Marahaba. Kifua hicho umekipatia wapi?"

"Mikumi, mbele ya kioo."

Akanitazama kwa mashaka. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rudi mavuno yajayo."

Nililia njia nzima, sioni haya kusema. Mwaka mzima nililima kwetu Masanze bila kujitazama, nikihofu mama yako ataposwa na mwingine. Niliporudi, nilibeba magunia mpaka mjomba akasema inatosha.

Sasa nakuona wewe na simu yako. Unaruka kamba ukijirekodi, kisha unajikagua, kisha unasukuma sahani ya ugali. Simu hiyo siiamini hata kidogo. Ilaze kifudifudi, mwanangu, uruke. Uliza mwili umeweza nini leo, usiulize umeonekanaje. Na ule ushibe.

Siku ya harusi nilimuuliza mama yako kama alikipenda kifua changu cha Mikumi. Akasema hakukitazama, siku ile ya gunia alikuwa anaangalia kama nitainuka pale chini. Mungu akupe mwili wa kukuinua kila uangukapo, na mtu wa kukungoja.