Jina la Fundi Zébédée

Fundi Zébédée alifika miaka sitini na miwili bila mtoto wa kumwita baba. Wake wawili walimwacha, kila mmoja akazaa kwa mume mwingine, na watu wa Kamina, ambao kwa habari za nyumba ya mwenzao hawahitaji redio, wakajua mwenye kasoro ni nani. Kwenye banda lake karibu na stesheni alichonga milango, mabenchi ya kanisa na masanduku ya kuzikia. Kwenye misalaba aliandika majina ya marehemu kwa msumari uliochomwa motoni. Upweke aliuzoea. Alichokiogopa ni kufa na jina lake, asibaki hata mtu mmoja wa kuliitikia.

Basi jirani yake wa ng'ambo ya njia, mwalimu Matthias, akapata mapacha wa kiume. Kwetu, majina ya kwanza mapacha huja nayo wenyewe: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, hakuna cha kuchagua. Kinachochaguliwa ni jina linalofuata, na hapo wazazi huumiza kichwa, maana ukimpa mtoto jina la mtu aliye hai, mtu huyo anakuwa majina wake, yaani somo wake. Ataleta kitambaa, sabuni na maziwa, na atampenda mtoto kama nafsi yake. Darasani mwalimu alifundisha kwamba jina jema hung'ara gizani. Nyumbani alikumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi. Kyungu, mtoto mnene mwenye sauti ya mnadi, akapewa jina la Ariel, kaka yake mwalimu, mfanyabiashara wa samaki kule Bukama. Haikupita wiki, treni ikaleta godoro, makopo ya maziwa na gunia la samaki wakavu.

Kabange alikuwa kama kifaranga kilichonyonyolewa. Alizaliwa na kidole cha sita mkono wa kushoto. Mkunga akakifunga uzi, kikaanguka, kikabaki kijipele kigumu pembeni. Mwalimu alimtafutia majina kanisani, shuleni, kwa wakwe. Wote walikataa kwa adabu kubwa. Nani anapenda kuzika jina lake? Mjomba mmoja alisema lake limekwisha kuchukuliwa, na sote tulijua halijachukuliwa hata na mbuzi.

Siku ya tisa mwalimu akaja bandani. Alikuja na mambo mawili, na hakuona haya kuyataja pamoja.

— Papa Zébédée, ule mudogo hatafika kesho kutwa. Utuchongee kasanduku. Na Pasta anaomba jina ya kubatiza. Bantu bote balikatala. Weye hauna mutoto, hauna kitu ya kupoteza.

Mwanamume mwingine angemrushia nyundo. Zébédée aliweka randa chini, akapangusa mikono.

— Mumuite Zébédée. Ule njo majina yangu.

Sanduku alilichonga, lakini bila kifuniko. Akalitandika pamba, akapanga chupa za maji ya moto pembeni, akalipeleka kwa mama wa mapacha, Éliane, akamwomba amlaze mtoto humo. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: fundi anamzika majina wake akiwa hai! Naye kila asubuhi alikuja na maji mapya ya moto na maziwa ya mbuzi, na Éliane akichoka, alimfunga mtoto kifuani na kuchonga mbao kwa mkono mmoja. Kesho kutwa ikapita, mwezi ukapita. Kufikia mwezi wa kumi mtoto alikuwa na meno mawili, na akisikia fundi anaita «Majina!» kutoka njiani, alinyoosha mikono na kucheka kabla hajamwona. Fundi alianza kuvaa shati la Jumapili siku za kazi. Nasema kweli, hatukuwahi kumwona na furaha ile.

Mvua zilipochanganya, homa ikaingia nyumbani kwa mwalimu. Alhamisi ikamshika Kyungu Ariel, yule mnene. Ijumaa adhuhuri akakata roho. Éliane alipiga yowe moja tu, wanawake wazee wakamziba mdomo: pacha haliliwi, ukimlilia aliyekwenda unamwita na aliyebaki amfuate. Mwalimu alikaa na simu mkononi, akishindwa kuwapigia Bukama.

Saa kumi alivuka njia, macho makavu.

— Utuchongee sanduku, papa. Na musalaba.

— Pole, mwalimu. Mungu amupokee Ariel.

— Hapana Ariel. Njo Zébédée alikufa.

Fundi alikimbia akiwa na nyundo mkononi. Éliane alikuwa amekaa chini, mtoto mapajani. Zébédée akapiga magoti, akaushika mkono wa kushoto, akapapasa. Kijipele kilikuwapo, na mtoto alikuwa akimchekea.

— Mama Éliane, huyu iko muzima! Huyu njo majina yangu!

Éliane hakuinua uso.

— Huyu iko Ariel, papa.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

— Ule wa Bukama njo analisha hii nyumba. Nitamuambia jina yake imekufa? Weye utamupa mutoto nini, mbao? Siku ulitupatia jina, ulijua tutaizika. Basi tunaizika.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hapigi teke mahali kama pale. Fundi alimtazama mtoto, akatazama makopo ya maziwa yaliyopangwa ukutani. Hasira ilimjaa, akaimeza, akarudi bandani. Akachonga sanduku, safari hii na kifuniko. Akachoma msumari akaandika ZÉBÉDÉE, herufi zote na zile alama tatu za juu ambazo watu huzisahau.

Asubuhi yake, makaburini, alipigilia msalaba mwenyewe. Mwalimu akaupiga picha kwa simu, akaituma Bukama. Jibu lilirudi papo hapo, naye akalisoma kwa sauti, mbele ya watu wote: tumshukuru Mungu, si majina wangu. Wengi tulijua, na tuliitikia amina. Mimi pia niliitikia.

Éliane akapita karibu na kaburi, mtoto mgongoni. Mtoto alimwona fundi juu ya udongo ule mpya, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kucheka, akingoja aitwe.

Fundi hakumwita.