Nyumba Juu ya Ardhi ya Wakwe

Mimi na mke wangu tulipanga Morogoro mjini miaka mingi, chumba na sebule, choo cha pamoja uani. Mimi fundi cherehani, yeye akiuza mboga sokoni. Mwenye nyumba alipotuambia tuhame kwa kuwa mwanawe anaoa, mke wangu hakulalamika. Alifunga vyombo, akakaa juu ya godoro lililokunjwa, akasema, "Nimechoka kuishi kwa ruhusa ya watu."

Nilimwambia kupanga nako kuna unafuu: bati likivuja si juu yako, jirani akikuchosha unahama. Alinisikiliza kwa adabu tu. Viwanja vya mjini hatukuviweza, ndipo mjomba wake akatupa mahali pa kujenga mlimani, juu ya Mkuyuni, kwenye shamba la bibi yake mke wangu, mzaa mama. Kaka yangu alinionya. Alisema kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na sisi hatukujaliwa mtoto. Siku moja tofali zangu zitabaki kwa wenyewe. Nilimwelewa. Ila nilimzidi mke wangu umri sana, nikaamini mimi ndiye nitakayetangulia.

Tulifyatua tofali wenyewe, tukazichoma. Yeye ndiye aliyechota maji yote kijitoni. Tulihamia hata sakafu haijapigwa. Asubuhi ya kwanza alipigilia msumari ukutani, jambo ambalo mwenye nyumba wetu wa mjini alilikataza, akatundika kanga yake, akasimama kuitazama kama mtu aliyetundika picha ya harusi.

Alianza kuumwa tumbo wakati wa palizi. Tulishuka hospitali, tukarudi, tukashuka tena. Hakufika mavuno. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Baada ya arobaini mjomba wake alikuja na wazee wenzake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono asiuachie. Alizunguka sana kabla ya kulifikia neno lenyewe: binti wa dada yake mwingine ameachika, ana watoto, hana pa kukaa.

"Mkwe, hatukufukuzi," alisema. "Lakini shamba hili lina wenyewe, na wewe bado unaweza kuoa. Mabati ni yako. Ng'oa uende nayo."

Sikubisha. Kwa desturi yao hakuwa amenidhulumu. Kesho yake nilipanda juu ya paa na nyundo. Nilipolegeza bati la kwanza, mwanga uliingia chumbani ukaangukia kitanda, upande aliokuwa akilala. Nikalipigilia tena bati, nikashuka, nikakusanya nguo na cherehani yangu.

Sasa nimepanga tena mjini, chumba kimoja. Watu hunihurumia kwa ajili ya nyumba. Nyumba niliisamehe zamani. Kinachonichoma ni kwamba nikitaka kumzuru mke wangu, lazima nipige hodi kwa watu na kusubiri kukaribishwa.

Yule binti ni mwema. Hunipa fagio, hunitolea kiti. Safari iliyopita nilikuta ameanika maharage juu ya turubai, karibu kabisa na kaburi. Aliona haya, akaniomba radhi, akainama kulikunja.

"Yaache, mwanangu," nilimwambia. "Hilo ndilo jua la kuanikia."