Chumba Nyuma ya Ukumbi wa Dansi

Mjomba wangu ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, na ukimwambia kazi yake ni ya kukaa tu, anawaka. Usiku haukuwahi kumsumbua. Kilichomtesa ni mchana. Chumba alichopanga kilitazamana na karakana ya mageti. Akijilaza tu, nyundo zinaanza. Kazini akawa anasinzia. Bosi akamfuma amelala kwenye kiti, akamwambia wazi, "Nikikukuta hivi tena, usirudi."

Tukaanza kutafuta chumba kingine. Mji wenyewe mdogo, lakini vyumba vya watu wa mfuko wetu ni vya kugombania. Cha bei nafuu kilipakana na shule. Chenye utulivu, bei yake haishikiki. Dalali mmoja alituapia kwamba chake ni kimya kabisa, kumbe ukuta wa pili kuna mashine ya kusaga nafaka! Nilitamani kumzaba kibao.

Mwisho tukafika kwa mama mmoja mwenye nyumba nyuma ya ukumbi wa dansi. Ilikuwa saa sita mchana, na uani hakusikiki hata mtoto. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka mjomba akaingiwa na wasiwasi.

"Mama, hapa pana nini?"

Yule mama akashusha pumzi. "Baba, sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Usiku muziki hapa ni mpaka alfajiri. Wapangaji wananikimbia. Waliobaki ni wapishi na wanamuziki wa humohumo ukumbini, na saa hizi wote wamelala."

Mjomba akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo haraka. "Mama, mimi usiku sipo," akanong'ona.

Alihamia siku hiyohiyo, godoro kichwani, nami nyuma na ndoo na jiko. Nilifurahi kama chumba ni changu.

Baada ya wiki nikaenda kumsalimia jioni. Nilimkuta anapiga pasi sare yake huku akiimba, macho maangavu, mashavu yamejaa.

"Shikamoo mjomba. Kelele je?"

"Marahaba. Zipo," akasema. "Mpiga ngoma wa chumba cha pili kanisubiri hapo mlangoni, kanuna. Analalamika kwamba nakoroma. Eti leo amenigongea ukuta mchana kutwa, kwa mikono miwili."

"Na wewe?"

"Sikusikia kitu, mwanangu."