Nilivyobebwa kwa Mkeka Sokoni Musanda

Sisi tuliokuwa wadogo Musanda, miaka ile trekta za miwa zilipita mbele ya nyumba zetu kutoka asubuhi mpaka jioni, hata leo tunajuana kwa meno. Ya mbele yamelika upande mmoja. Trekta ikipunguza mwendo kwenye kona ya kinu cha posho, tulikuwa tunarukia trela nyuma na kuvuta muwa, tanboi, msaidizi wa dereva, anatutukana, sisi tunacheka, halafu tunaketi kwa mtaro na kumenya kwa hayo meno. Watoto wa siku hizi wananunuliwa miwa imeshamenywa na kukatwakatwa kama nyama ya mgonjwa, na bado wanasema ni ngumu.

Tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati, na mpira wa soksi kuukuu. Tuliruka blada, kamba ya mpira, mpaka mama akaita mara ya tatu, na ile ya tatu ilikuwa inakuja na fimbo. Kukhu yetu, mama yake baba, alikuwa anaponda viazi vitamu na maharagwe kwa chungu kimoja, mushenye, akitugawia kwa majani ya ndizi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini na sisi tunawala wengine bado wanapiga mabawa. Ijumaa kila mtoto alibeba kinyesi cha ng'ombe shuleni, tupake sakafu ya darasa. Leo nikimwambia mtoto wangu hivyo ananiangalia kama mtu aliyetoka jela.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, basi. Sikuacha kwa sababu nilikuwa mjinga. Kwa hesabu nilikuwa wa tatu. Wenzangu wa Musanda wakisoma hapa watakumbuka, na wale wanaojifanya hawakumbuki nitawakumbusha kwa majina.

Kulikuwa na karani wa mizani ya miwa akiitwa Gaitano Wesonga. Watu walimwita Dairekta, kwa sababu alikuwa na kikundi cha maigizo. Watu wazima walikuwa kumi na mmoja, watoto tulikuwa wanne. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye stoo ya mbolea, tukipiga chafya katikati ya maneno. Wa kutuangalia sisi watoto alikuwa Mama Felista Okwaro, fundi wa cherehani. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa mbele ya wazazi wetu: mtoto akitoka kwao yuko mkononi mwa Mama Felista mpaka arudi kwao. Nguo tulibadilisha nyuma ya shuka moja, wakubwa na wadogo. Safari tulikaa juu ya mizigo kwenye pikapu. Hakuna aliyeona kuna neno.

Na nisiwadanganye, nilipenda. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua kulia. Wesonga akiniambia lia, nilikuwa nahesabu mpaka tano na machozi yanakuja. Baada ya mchezo tulipewa soda na robo mkate. Baba yangu alikuwa anasimama nyuma ya watu akisema, "Yule ni wangu."

Sasa, mwaka huo kabla ya mambo haya, mjomba wangu Stefano alirudi kutoka Nairobi akiwa mgonjwa. Alikaa kwetu, kwenye chumba cha nyuma, na mama alimwosha na kumlisha mpaka akafa. Ni ule ugonjwa. Watu walikuja matanga, wakaimba, wakaomba, lakini hawakula. Ng'ombe alichinjwa, ugali ukasongwa kwa sufuria tatu, na jioni mama aliwapa mbwa. Musanda watu hawaendi matanga bila kula. Alisugua zile sufuria usiku huohuo.

Haukupita muda, wageni fulani wakamwambia Wesonga wanataka mchezo wa kufunza watu juu ya ukimwi. Akatunga mmoja. Kulikuwa na mtoto yatima, mjomba wake amefia nyumbani kwao, na yeye pia ameshikwa. Huyo mtoto nikawa mimi. Na jina lake kwenye mchezo likawa Nanzala, ambalo ni jina langu.

Mama alimuuliza mara moja, pale mlangoni kwetu. "Gaitano, kwa nini mtoto aitwe jina lake?"

"Mama Nanzala, nikimpa lingine akiitwa atasahau kugeuka," Wesonga akamwambia. "Na watu wanataka kitu cha ukweli."

"Ukweli wa nani?"

Baba akaingilia. "Wacha mtoto aonekane. Wewe kila kitu unaogopa."

Masoko ya mbali tulienda manne na hakukutokea neno. Huko hawakunijua. Watu walilia, tukapanda pikapu, tukarudi. La tano likawa soko letu wenyewe, siku ya soko, uwanja umejaa mpaka watu wamepanda juu ya mapaa ya vibanda.

Mama Felista alininyoa kichwa. Akanipaka jivu na unga wa muhogo mpaka mdomo ukakauka. Mwaka huo nilikuwa nimetoka malaria, kwa hivyo mifupa ilikuwa yangu mwenyewe. Mwisho wa mchezo mtoto anakufa, na wanaume wanne wanambeba kwa mkeka katikati ya watu wakimtoa uwanjani. Wesonga alinishika sikio akanipa sheria mbili. "Ukibebwa, usifungue macho. Na usirudi uwanjani. Watu wakikuona unakunywa soda, funzo limekwisha."

Nikabebwa. Nilisikia watu wakilia juu ya uso wangu, mwanamke mmoja akiita jina la baba yangu na kusema, "Woi, Makokha, na huyu pia?" Nilifurahi. Niliona nimefanya vizuri kuliko siku zote. Walinilaza nyuma ya bucha wakanifunika mkeka. Mama Felista akakaa karibu yangu kwa kigoda.

"Mama Felista, sasa niende kwa mama?"

"Nyamaza. Bado wanalia."

Nikanyamaza. Nilikaa hapo mpaka soko likafungwa.

Jumatatu nilienda shuleni na kichwa changu kilichonyolewa. Auma, tuliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa amehamia dawati la ndugu yake. Saa ya uji, kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu ili kisichanganyike. Mwalimu Mudogo, na huyo pia namtaja, alisogeza dawati langu mlangoni. "Ni kwa sababu ya hewa," akasema. Hakunipiga wala kunitukana. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia wakiwa wamesimama mbali.

Mama alikuwa akiuza uji sokoni. Siku hiyo ya kwanza alirudi na ndoo ikiwa imejaa, na ya pili vilevile. Ndipo baba, yule wa wacha mtoto aonekane, alivaa koti lake la kanisa akaenda kwa Wesonga. Nilienda naye.

"Gaitano, simama kanisani Jumapili. Sema ilikuwa mchezo. Sema mtoto ni mzima. Ni maneno mawili."

Wesonga hakuwa mtu mbaya wa sura. Alitupa viti. Alisema, "Bwana Makokha, sasa hivi watu wameogopa, wameanza kujichunga. Nikisema mtoto ni mzima, watarudi kwa tabia zao. Ngoja tumalize masoko yaliyobaki."

"Na mtoto?"

"Mtoto amesaidia watu wengi."

Baba alinipeleka nikapimwa, sikuwa na kitu. Ile karatasi aliitembeza nyumba kwa nyumba. Watu waliisoma na kumrudishia wakiishika kwa ncha ya vidole. Wengine walisema karatasi inanunuliwa. Muhula ulipoisha nilipelekwa Likuyani kwa senge, dada yake baba, ambako hakuna aliyejua jina langu. Senge alikuwa na shamba la mahindi na hakuwa na karo. Nikapalilia. Wesonga alimaliza masoko yake, akaanza mchezo mwingine, na yale maneno mawili hakuyasema mpaka akazikwa, na alizikwa na watu wengi, akasifiwa kwa kupenda watoto. Mama Felista bado yuko. Nilikutana naye soko la Kakamega si muda mrefu, akanishika mkono na kuniambia, "Wewe ndiye yule aliliza watu." Alikuwa akitabasamu. Nikanunua nyanya zangu nikaondoka.

Sasa hivi nakaa Shieywe, hapa Kakamega mjini, na mtoto wangu wa mwisho, Praise, ana miaka kumi na moja. Alikuja na karatasi ya kikundi cha maigizo cha mtaani, inataka sahihi ya mzazi, mwisho Jumamosi. Sahihi ikikosa, nafasi yake inapewa mwingine. Aliiweka juu ya meza na kuizunguka kama paka anayezunguka samaki.

Mimi kusoma nasoma, ila polepole. Nilisoma karatasi nzima siku mbili. Ni karatasi nzuri. Watoto wanabadilisha nguo kwao wenyewe. Hakuna mtoto anabaki na mtu mzima mmoja, lazima wawe wawili. Mzazi amfuate mtoto mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili. Picha haziwekwi kwa simu bila ruhusa. Niliisoma nikifikiria ile shuka moja kwenye stoo ya mbolea. Lakini nilitafuta neno moja na sikulipata, kwa hivyo Jumamosi nilijifunga leso nikaenda.

Mwenye kikundi ni kijana anaitwa Kevo, nywele zake zimesokotwa, suruali inaning'inia mahali ambapo baba yangu hangekubali. Alinipa kiti kwa heshima.

"Praise anaigiza nini?" nikamuuliza.

"Mathe, amepata ile sehemu kubwa. Ni msichana anaiba simu za watu hapa mtaani. Tutafanyia pale uwanjani."

"Anaitwa nani huyo mwizi?"

"Praise. Tumetumia tu majina yao, wasisahau."

Hapa Shieywe mtu akiitwa mwizi kwa sauti, wanaokuja hawaji kuuliza.

"Mathe, si wasee wanajua ni drama?"

"Watu gani?"

"Wasee wa mtaa."

"Wote?"

Alianza kucheka, akaacha. Sikumwambia habari ya mkeka. Nilimwambia tu vitu viwili ninavyotaka, na kwamba bila hivyo mtoto hatatoka nyumbani. Alichukua biki akaandika chini ya sheria zake, herufi kubwa nizione vizuri: mtoto haitwi jina lake. Mchezo ukiisha, mtoto anarudi mbele ya watu na kusema yeye ni nani. Halafu akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Hii ni ya wote. Nitaiandika kwa karatasi za wote." Nikaweka sahihi.

Praise alinuna wiki nzima. "Mathe, unaniaibisha. Hakuna mtu wa siku hizi anaamini vitu hivyo." Kisha akaambiwa ajichagulie jina la mchezo, akapona. Akajiita Tifani. Nilimuuliza Tifani ni nani kwa ukoo wetu, akasema sielewi maisha.

Jumapili mchana uwanja ulijaa. Niliketi juu ya jiwe karibu na mama mmoja wa mahindi ya kuchemsha ambaye hatujuani. Mtoto wangu aliingia na kofia imeshuka mpaka machoni, akaiba simu tatu vizuri sana, akakimbia, akashikwa, akalia. Hiyo ya kulia aliitoa kwangu. Yule mama wa mahindi alibonyeza ubavu wangu. "Huyu msichana, tazama macho. Hayo ni macho ya mwizi kabisa. Nimemwona huku chini ya mtaa." Nilishika ukingo wa jiwe nikangoja.

Walimkokota Tifani mpaka nyuma ya pazia. Watu wakaanza kuinuka wakipangusa suruali. Pazia halikusogea. Nilikuwa nimeshasimama niende mwenyewe, ndipo likasogea, na Praise akatoka, amevua kofia, anatembea kama mtoto aliyetumwa kuosha miguu.

"Mimi naitwa Praise. Niko gredi ya sita. Huo ulikuwa mchezo. Mimi siibi simu ya mtu."

"Hata ya mathe wako?" kijana mmoja akapiga kelele kutoka juu ya ukuta.

"Ya mathe haina bando."

Uwanja ukacheka, mpaka Kevo akainama. Watoto wengine wakatoka, mmoja mmoja, wakasema majina yao. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi.

Yule mama akanigeukia. "Kumbe ni wa kwako? Wewe, samahani. Na ana meno mazuri."

"Hali miwa," nikamwambia.

Tulirudi nyumbani, Praise akisalimiwa njia nzima, wengine Praise, wengine Tifani, na akiwajibu wote. Hawa watoto hawajui kuvuta muwa kwa trekta. Hawajui kumbikumbi, na mushenye wanakula wakibana pua. Hawajui vile uwanja mzima unaweza kukulilia mpaka ukatetemeka. Enzi zetu watu walikuwa na machozi mengi. Mtoto wangu alipewa kicheko kidogo, na kabla jua halijashuka alikuwa kwa mlango wa jirani akikunywa maji kwa kikombe cha watoto wa huko. Mimi bado kuna siku niko nyuma ya bucha, nimefunikwa mkeka, namngoja Mama Felista aniambie wamemaliza kulia.