Vifungo vya Shati la Shule

Binti yangu alizaliwa na mkono wa kulia mlegevu. Baba yake alipotuacha, tukabaki wawili hapa Newala. Nilimlisha, nikamvisha, nikamfunga vifungo.

Hospitalini Masasi, dada anayewafundisha watoto kama yeye kazi za kila siku aliniuliza, "Mama, nyumbani mna mikorosho?"

"Ipo."

"Basi korosho azikonyoe mwenyewe, kwa vidole vya mkono huo. Usimsaidie."

Nilikasirika. Safari yote ile, naambiwa habari za shambani!

Msimu ule alikaa chini akishika bibo, tunda la mkorosho, kwa kushoto, korosho akiizungusha kwa vidole vya kulia mpaka itoke. Maji ya bibo yalimchirizika hadi kiwikoni. Majirani walipita wakinisema namtumikisha mtoto mgonjwa. Hakuna aliyekaa nami. Nilikalia mikono yangu nisimsaidie.

Asubuhi moja niliinama nimfunge shati la shule, nikakuta vifungo vyote vimefungwa, kimoja tu kimekosea tundu.

"Shikamoo mama. Nakwenda."

"Marahaba," nikajibu, naye alishafika barabarani. Nyumba ikawa kimya, na mimi bado nimeinama.