Jicho la Kushoto la Mbwa wa Sandton

Bwana yule alikuwa Mkenya, mkubwa kwenye benki moja ya Sandton, upande wa matajiri wa jiji, na alitaka mbwa wake achorwe kwa rangi za mafuta, "afanane kabisa, hadi watu wadhani atabweka." Alisema hivyo macho yakiwa kwenye simu. Nami, mtu wa Tanga niliyekuwa nikiishi kwa kuchora mabango ya saluni kule La Rochelle, kusini mwa jiji, nikakubali.

Picha alizonitumia hazikunitosha. Niliomba kumwona mbwa mwenyewe, nikakaa naye uani asubuhi tatu. Alikuwa mzee, mweusi mwenye mabaka ya kahawia, mvi zimemjaa mdomoni. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu. Ukimjia upande huo alishtuka. Asubuhi zote tatu mwenye mbwa hakutoka kumsalimu hata mara moja.

Nilimchora wiki tano chumbani kwangu. Kwanza rangi ya udongo, nyepesi, kisha vivuli, nikasubiri ikauke, ndipo manyoya, brashi nyembamba ikifuata yanakolalia. Jicho lile lilinitesa kuliko vyote. Ule weupe haukuwa weupe hasa; ulikuwa kijivu chenye samawati kidogo. Nilipoupata nilicheka peke yangu.

Nikampelekea picha. Akaitazama kwa muda wa kumeza mate.

"Ni poa. Lakini hii jicho umeharibu, bwana. Umeweka kitu nyeupe."

"Sijaharibu, bosi. Ndivyo lilivyo."

"Mbwa wangu? Nimekaa na yeye miaka kumi!"

Nikapiga mluzi. Mbwa akaja, akakaa mbele yetu. Bwana akainama, akamshika kidevu, akamgeuzia kichwa kwenye mwanga. Nilidhani atauliza kama mnyama anaumwa. Akajipangusa mkono kwenye suruali.

"Hata kama. Wewe weka kahawia tu. Wageni wataiona hapa sebuleni."

Nilimdharau mtu yule kuliko nilivyowahi kumdharau yeyote katika jiji hili, na jiji hili limenionyesha watu. Lakini brashi na rangi nilizitoa mkobani. Nikalifunika jicho palepale, kahawia safi na nukta ya mwanga juu yake, jicho la mwanasesere, kazi ya dakika kumi. Yeye nyuma yangu akisema, "Sasa hapo. Huyo ndiye yeye."

Nilitoka bila kumuaga. Ndani ya teksi ya kurudi kusini nilikuwa na hasira njia nzima, na nyingi ilikuwa dhidi ya mkono wangu, uliokubali upesi namna ile.